Jinsi ya Kupima Afya ya Wanyange Bila Kuisogelea

Hongera kwa kupata kazi. Mfadhili anataka kujua jinsi sera na miradi ya umma inavyowagusa kiafya watu wa mashariki ya Uganda, kuanzia Jinja hadi Mbale, na wewe ndiye uliyechaguliwa kumwambia. Hadidu za rejea zimejaa, muda ni mfupi, na rasimu inatakiwa kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Ondoa hofu. Kazi hii ina njia zake, na mwongozo huu utakuonyesha namna ya kuimaliza bila kumuudhi mtu yeyote mwenye saini.

Anza na malazi. Wanyange inafaa kupita kiasi. Ni kilima kando ya barabara ya Jinja kwenda Iganga, kabla hujafika Kakira, chenye upepo wa Ziwa Viktoria na mandhari itakayopendeza kwenye jalada la ripoti. Upande huu ziwa, upande ule miwa hadi macho yachoke. Shule ya wasichana iko hapohapo, kwa hiyo ukihitaji aya kuhusu vijana utaiandika ukiwa barazani. Na kwa kuwa Jinja ilipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, siku moja na Mbale, una ruhusa kamili ya kuandika "miji inayokua kwa kasi" bila kupima kasi ya kitu chochote.

Ukiulizwa mbinu, taja Gothenburg. Mwaka 1999 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa waraka unaojulikana kwa jina la mji huo, na wazo lake ni rahisi kueleza: sera yoyote, iwe ya barabara, ya kilimo au ya kodi, ichunguzwe itamfanya nani augue na nani apone, na mzigo huo utamwangukia nani zaidi. Ikiwezekana ichunguzwe mapema, kabla saini hazijakauka. Ni wazo zuri mno. Ndiyo maana utaliweka kwenye utangulizi na hutaligusa tena.

Kwa maana ukiligusa utaanza kuuliza kuhusu miwa. Jizuie. Kiwanda cha sukari cha Kakira alikianzisha Muljibhai Madhvani mwaka 1930, na tangu hapo muwa umeitambaa Busoga kijiji kwa kijiji. Muwa hukaa shambani kama mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa. Mkulima mwenye ekari mbili akizipanda zote, atashika hela siku moja baada ya miezi 18, na katikati hapo nyumba yake itakula kwa kununua. Mihogo na viazi vitamu vilivyokuwa nyuma ya nyumba vimesukumwa hadi vikaisha. Mtoto atakuwa mfupi kuliko umri wake, lawama ataibeba mama yake kwa kutojua lishe bora, na utaletwa mradi wa kumfundisha mama huyo lishe bora. Huo ndio utakaoutathmini, kwa sababu una neno afya ndani yake. Muwa uko chini ya wizara nyingine. Sera ya Taifa ya Sukari ya mwaka 2010, na mabishano yaliyofuata hadi Sheria ya Sukari ya 2020, yalizunguka sana umbali wa kilomita 25 kati ya kiwanda na kiwanda. Umbali kati ya muwa na jiko sijausikia ukijadiliwa kwa jasho kama lile.

Umeme nao uache. Bwawa la Owen Falls, tunaloliita sasa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954. Kabla yake, maporomoko ya Jinja yalikuwa kiota cha inzi weusi wadogo walioitwa mbwa, na hao ndio walioeneza usubi, ule ugonjwa unaowasha ngozi na kuua macho. Miaka ya 1950 DDT ilimwagwa mtoni, bwawa nalo likazamisha maporomoko waliyozaliana, na kufikia miaka ya 1970 inzi hao walikuwa wametoweka katika sehemu hiyo ya Nile. Mhandisi wa umeme alichangia afya ya macho bila kuvaa koti jeupe. Kuhusu DDT na samaki usiulize. Enzi hizo NEMA, mamlaka ya mazingira, haikuwapo ya kudai kurasa mia za tathmini.

Halafu likaja bwawa la Bujagali, megawati 250, mwaka 2012. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilikuwa limekwisha kutoa ripoti yake mwaka 2008, likiikosoa benki yenyewe kwa kutofuata baadhi ya taratibu zake, zikiwemo zinazohusu watu waliohamishwa. Isome ili ujue hatari ya kuwauliza wahamishwa maswali. Wanajibu.

Kwa hiyo shika vyandarua. Vyandarua vinahesabika. Vina lori, vina hati ya kupokelea, vina sahihi ya mwenyekiti wa kijiji (LC1), vina picha ya mama akitabasamu na mfuko wa plastiki ambao bado haujafunguliwa. Andika idadi ya vilivyogawiwa, gawanya kwa idadi ya watu, na asilimia utakayoipata iite "upatikanaji". Usishuke Masese, ziwani. Kule mwaloni, chandarua unaweza kukikuta kimetandazwa chini na mukene, dagaa wa ziwani, wamelazwa juu yake wakauke, na mwenye samaki hatakuwa na aibu hata kidogo. Atakwambia kwamba mukene wakikaa kwenye mchanga bei inaanguka. Hilo ni jibu la kiuchumi kwa swali la kiafya, na jedwali lako halina safu ya majibu ya namna hiyo.

Ukishikiliwa uonyeshe kwamba malaria imepungua, chagua miezi. Mashariki ya Uganda ina misimu miwili ya mvua, na homa hupanda baada ya kila mmoja. Hesabu wagonjwa wa mwanzo mwezi Juni, mvua za masika zikiwa zimetoka kuisha. Hesabu wa mwisho mwezi Machi, vumbi likiwa bado juu ya majani. Utapata upungufu wa kupendeza hata kama vyandarua vyote vingali ghala. Simjui mtathmini aliyewahi kufukuzwa kazi kwa sababu ya kalenda.

Jambo la kuepuka kabisa ni kumwangalia jirani. Habari ya kupuliza dawa majumbani inatosha kukufundisha. Kwa miaka kadhaa kuta za nyumba katika wilaya kumi za kaskazini, huko Acholi na Lango, zilipulizwa dawa ya kuua mbu, na malaria ikashuka. Kisha mwaka 2014 mpango ukafungwa kule, na fedha zikahamishiwa wilaya nyingine 14, nyingi zikiwa huku: Tororo, Bugiri, Namutumba, Butaleja, Budaka, Kibuku. Tororo, ambako mbu walikuwa wamejizoesha kuwang'ata watu usiku kucha, homa ikaanguka kama haijawahi kuanguka. Kaskazini wakabaki na vyandarua, na kufikia katikati ya 2015 wagonjwa walikuwa wamejaa tena vituoni, watoto wawili wawili kitandani. Mafanikio ya mashariki yana ripoti nyingi na picha za rangi. Kufunga mradi, kwa bahati mbaya, si mradi. Hakuna bajeti yake ya tathmini wala fulana. Waliolibaini ongezeko lile ni watafiti waliokuwa wamekaa vituoni wakihesabu mwezi hadi mwezi, kazi ya kuchosha isiyo na uzinduzi, na kwa maoni yangu ndiyo tathmini pekee yenye maana katika kisa chote.

Watafiti haohao walituharibia tena starehe. Tororo, baada ya miaka mitano ya kupuliza na malaria ikiwa chini, dawa ya kupulizia ikabadilishwa mwaka 2020, na kati ya hapo na 2022 homa ikapanda ikakaribia pale ilipoanzia. Nyumba zilipulizwa kama kawaida. Vyandarua viligawiwa kama kawaida. Ungehesabu kazi iliyofanyika ungempa kila mtu alama mia. Ndiyo maana nakusihi uhesabu kazi iliyofanyika.

(Januari 2025 Washington ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja, na watu waliokuwa wakilipwa kupuliza, kupima na kuandika wakaambiwa wabaki nyumbani. Sikuona tangazo la zabuni ya kutathmini athari za amri hiyo kwa afya. Nilitafuta, maana ingekuwa kazi nzuri.)

Sasa utalazimika kutembelea kituo cha afya. Nenda Jumatano saa nne, mpigie simu msimamizi siku mbili kabla, na ukifika ingia moja kwa moja ofisini kwake. Usipite kwenye benchi. Kwenye benchi kuna madaftari.

Nieleze, maana mgeni anaweza asielewe. Katika vituo vingi vya serikali mgonjwa huja na daftari lake la shule, lile la kurasa 32 lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na humo ndimo mganga anamoandika. Ukilifungua utakuta jina la mtoto na kijiji chake, kisha tarehe, homa siku mbili, kikohozi, kipimo cha malaria na alama ya kujumlisha. Chini yake majina ya dawa. Baadhi yamewekewa alama ya vema: hizo alipewa. Mengine yamezungushiwa duara: hizo hazipo, mama atapita nazo kwenye duka la dawa barabarani akienda nyumbani. Ukurasa unaofuata, tarehe nyingine, maduara mawili. Unaofuata tena, duara na neno "damu", maana yake apimwe damu mahali pengine kwa hela yake. Daftari la miaka miwili la mtoto mmoja wa Wanyange ni tathmini ya sera ya afya ya Uganda, imeandikwa na mganga, imelipiwa na mama, na imefunikwa na karatasi ya gazeti isichakae.

Kwenye fomu ya HMIS 105 ya mwezi huo, mtoto huyo ni hudhurio moja. Fomu hupanda wilayani, huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta ambao nchi nzima imeutumia tangu 2012, na huko juu hudhurio huungana na mahudhurio mengine kuwa mstari unaopanda kwenye grafu. Mstari unaopanda ni mzuri. Duara halina safu.

Hapa naomba niache mzaha kwa aya moja. Machi 2001, uchaguzi wa rais ukiwa mlangoni, Uganda ilifuta ada za matibabu katika vituo vya serikali. Watu walimiminika, na maskini walimiminika zaidi. Hilo lilitokea kweli, na kuna walio hai leo kwa sababu yake, hata kama nia ilikuwa kura. Lakini walioenda mbele ya grafu wakapekua mifuko ya watu walikuta kwamba kwa kaya maskini, idadi ya wanaofilisiwa na matibabu haikupungua kama ilivyotarajiwa. Ada ilifutwa mlangoni ikahamia duka la dawa, kwa sababu mahitaji yalipanda na dawa kituoni zikaisha. Sera moja, vipimo viwili, majibu mawili, na yote mawili ni ya kweli. Mfadhili wako anataka moja.

Turudi kazini. Utahitaji sauti za wananchi, angalau tatu, kwenye visanduku vya rangi. Mpe mwenyekiti wa LC1 kazi ya kuwachagua. Atawaleta wenye viti vya plastiki. Jifunze kusema "Kodheyo" ukiwa Busoga na "Mulembe" ukifika kwa Wamasaba, kisha uendelee kwa mkalimani. Uliza maswali yanayojijibu.

"Mama, mradi umewasaidia?"

"Umetusaidia sana, ssebo."

"Umewasaidia vipi?"

"Si mmekuja?"

Andika: jamii imeupokea mradi kwa shukrani.

Kichocho kina fimbo yake, na fimbo ni rafiki wa mtathmini. Tangu 2003 serikali imekuwa ikigawa prazikwanteli kwa wingi kwenye vijiji vya kando ya maziwa na Nile. Mzani haubebeki kijiji hadi kijiji, basi mhudumu wa afya wa kijiji hubeba mti uliopakwa mistari, mtoto husimamishwa kando yake, na mstari unaogusa utosi wake ndio unaosema ameze vidonge vingapi. Ni werevu mtupu, na unapigika picha vizuri. Vidonge ni vikubwa, vichungu, na mtoto ambaye hajala asubuhi hutapika. Mwenye akili hukimbilia kwenye miwa mti ukionekana. Anayebaki akameza hutibiwa kweli. Mchana huohuo atateremka ziwani kuteka maji, kwa kuwa bomba halipo, na jirani aliyejisaidia majini alifanya hivyo kwa kuwa choo cha mwaloni kilibomoka. Hesabu vidonge. Choo si cha idara yako.

Mambo mengine yapitie haraka. Waragi wa vifuko ulipigwa marufuku mwaka 2019, miaka miwili baada ya Tanzania kupiga marufuku viroba. Andika kwamba vifuko havionekani tena barabarani, ni kweli, na usiinamie vichupa vidogo vya plastiki vilivyotapakaa kwenye mfereji. Kufungwa kwa shule pia ni sera, na Uganda ilizifunga, nzima au nusu, tangu Machi 2020 hadi 10 Januari 2022. Ukiwa barazani kwako Wanyange, geti la shule ya wasichana likionekana, utaona ugumu wa kuandika kwamba hatua hiyo ilikuwa ya afya tu. Ilizuia maambukizi ya korona kiasi fulani, na ilirudisha mabinti wengi nyumbani kwa miezi ambayo baadhi yao hawakutoka bila mimba. Iweke kwenye sura ya elimu.

Mbale nenda asubuhi, kwa barabara ya Iganga na Tirinyi, na usimamishe gari mara moja tu kununua mchele. Mabonde yote unayoyavuka yamegeuzwa mpunga. Mwaka 2021 serikali ilitangaza kupiga marufuku kilimo hicho kwenye maeneo oevu, na mpunga utauona kwa macho yako kupitia dirishani, umesimama wima, haujasikia. Mpunga huleta maji yaliyotuama, nayo huleta mbu. Mpunga huleta pia hela ya kununulia dawa ya malaria, na ya bodaboda ya kumkimbiza mjamzito. Ukianza kupima hivyo hutafika Mbale kabla ya chakula cha mchana.

Mji wenyewe ulisifika zamani kwa usafi, na wazee watakusimulia hata usipouliza. Utaulizwa kuhusu mafuriko. Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, zaidi ya watu 20 wakafa, mabomba yakakatika, na mji uliozungukwa na maji ukakosa maji ya kunywa. Ni kisa cha kufundishia chuoni: miti iliyokatwa milimani, viwanja vilivyogawiwa kingoni mwa mto, mifereji iliyozibwa na taka, bonde lililolimwa. Kila kipande kilikuwa na ofisi yake, kibali chake na mtu wa kukigonga mhuri. Usiwataje. Andika "mabadiliko ya tabianchi". Huyo ni mshitakiwa anayefaa kuliko wote. Makosa anayo kweli, wakili hana, na hajawahi kusaini ramani ya kiwanja.

Ukiwa bado na nafasi, panda kidogo kuelekea Bududa. Maporomoko ya udongo ya 1 Machi 2010 yaliua mamia ya watu Nametsi, na serikali imekuwa ikiwahamisha wanaoishi kwenye miteremko. Tangu 2019 wengine wamepelekwa Bunambutye, kwenye tambarare za Bulambuli. Kuna waliohama kutoka mlimani wakarudi palepale. Kwenye ripoti hao huitwa wakaidi. Mlimani kuna ndizi, kahawa, makaburi ya wazazi na baridi inayopunguza mbu. Tambarare kuna nyumba ya bati na joto. Mtu anayepima hatari mbili na kuchagua moja amefanya tathmini ya athari za kiafya, tena bila posho, na kwa sababu hiyo majibu yake hayakubaliki.

Sasa andika. Mapendekezo utayatoa kwenye ripoti ya mwaka jana: kuimarisha uratibu, kujenga uwezo, kuhamasisha jamii. Badilisha tarehe, na hakikisha jina la wilaya ya zamani halijabaki ukurasa wa 41.

Imebaki warsha ya mrejesho, hotelini Jinja, na orodha ya mahudhurio mezani mlangoni. Atakuwepo mkunga mmoja wa kituo kidogo, ameletwa ili picha ya pamoja iwe na mtu wa kijijini, na baada ya slaidi ya mahudhurio yanayopanda atanyoosha mkono. Atauliza kwa upole kwa nini takwimu zinaonyesha kina mama wengi zaidi wanajifungulia kituoni kwake, wakati tangu Februari hana glavu na wao ndio wanaozinunua. Mshukuru kwa swali zuri. Mwambie litajibiwa baada ya chai. Kisha mnong'oneze mshereheshaji kwamba mgeni rasmi ana safari ya Kampala, na ratiba baada ya chai ivutwe mbele kidogo.